Istilahi za Nyumba ya Lamu na Shahada ya Usanifu Majengo

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Nairobi hufunzwa kwa Kiingereza na kuitetea michoro yake mbele ya wahadhiri kwa lugha iyo hiyo. Je, Kiswahili hakina istilahi za fani hii? La hasha! Tuitazame nyumba ya mawe ya Lamu, mji ulioorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Mgeni hupokelewa katika daka. Kisha huja kiwanda, yaani ua usioezekwa (wala si mahali pa mitambo), halafu msana, na zidaka ukutani. Linalovutia zaidi ni boriti. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake takriban mita 3, kwani boriti za mkoko haziwezi kuhimili dari nzito ya mawe na chokaa kupita hapo. Neno moja, basi, limebeba kanuni nzima ya ujenzi! Wikio nalo ni chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Kabla ya kutohoa, wanaistilahi tuwaendee mafundi wa Lamu, tena tufuatane na wanafunzi hao wa usanifu majengo.