Mpira wa Amani Ndani ya Muhogo Wetu

Mti wa mpira si mgeni kwa wananchi wa Visiwani. Majani yake hupikwa kisamvu, na kwa wengi wetu heshima yake inakomea hapo; ukizidi uani hukatwa, wala hapana amuulizaye mwenye shoka. Ni wachache wanaojua kwamba mti huo, ambao wataalamu huuita Manihot glaziovii, ni jamaa wa damu wa muhogo, na kwamba sehemu ya uzima wa muhogo wa Afrika imetoka kwake.

Mpira asili yake ni Brazil. Wajerumani waliupanda Tanganyika kwa ajili ya utomvu wake. Bei ilipoanguka mashamba yakatupwa, miti ikabaki. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, wakiongozwa na H. H. Storey, walikuwa wakipambana na maradhi mawili ya muhogo: batobato na michirizi ya kahawia. Hili la pili ni Storey mwenyewe aliyelieleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936. Muhogo uliokuwapo haukutosha kuwapa kinga waliyoitaka, ndipo wakauoza muhogo kwa mpira. Mzawa wa kwanza alikuwa na nguvu dhidi ya maradhi, lakini mizizi yake haikuwa chakula cha kumridhisha mtu. Ilibidi arejeshwe kwa muhogo kizazi baada ya kizazi, na kazi hiyo ikaendelea hadi miaka ya 1950.

Baadhi ya mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria, na huko mche mmoja uliopewa nambari 58308 ukawa mzazi wa koo nyingi za muhogo zilizoenea barani. Batobato kali ilipoteketeza mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, mihogo ya ukoo huo ilikuwa miongoni mwa ile iliyowarudishia wakulima chakula. Mwaka 2016 wanasayansi waliochunguza urithi wa muhogo walichapisha kwamba alama za mpira wa Amani zingalimo ndani yake. Tuseme wazi: mti uliotupwa na mabepari kwa kuwa haukuwaletea faida ndio uliowafaa wakulima baadaye.

Jamaa wa mwitu wa mazao ndiyo hao. Ni mimea iliyobaki porini wakati mababu walipochagua mingine na kuilea. Mmea uliolelewa umepata utamu na wingi wa mavuno, lakini njiani umepoteza ukakamavu. Wa mwituni haukupaliliwa wala kumwagiliwa maji. Uliodumu ni ule uliostahimili. Sasa mvua zimebadilika tabia na maji ya chumvi yanaingia katika mashamba ya pwani, Pemba hasa, na ukakamavu huo ndio tunaouhitaji.

Tuutazame mpunga. Mpunga mwitu uitwao Oryza longistaminata umeenea Afrika ya joto mpaka Bukini. Mkulima wa bondeni humhesabu kuwa magugu, na hatuna haki ya kumlaumu, kwani humnyang'anya shamba kwa mizizi yake itambaayo chini. Hata hivyo, ni katika mpunga huo, uliochukuliwa Mali, ndimo ilimopatikana kinga ya ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga. Chembe ya urithi iletayo kinga hiyo, iliyopewa jina la Xa21, ilibainishwa mwaka 1995, na Chuo Kikuu cha California kikajiandikishia hataza. Mali ilitoa mbegu, haki ikaandikwa California! Msomaji na apime mwenyewe.

Kwa ajili ya mambo kama hayo mataifa yaliafikiana mwaka 2001 juu ya mkataba wa rasilimali za mimea kwa chakula, ulioanza kutumika 2004. Lakini maofisa wetu wausome mkataba huo kwa makini. Mpunga umo katika orodha yake pamoja na jamaa zake, ila kwa upande wa muhogo umetajwa muhogo wenyewe tu, mpira haumo.

Kukusanya si kazi ya kubahatisha. Punje za mpunga mwitu hupukutika mara zinapoiva, basi mkusanyaji akichelewa siku chache hukuta mabua matupu. Inapasa achukue kwa miche mingi, kidogo kidogo, asimalize mbegu ya mahali hapo, na aandike bonde, udongo na tarehe. Kisha mbegu ikaushwe sana na kuwekwa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Waliosoma kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) wanajua kwamba nafaka ya miaka ya njaa iliachwa katika masuke yake, hifadhi ya mbegu si fikra iliyozuliwa na Wazungu.

Hifadhi iwe zaidi ya mahali pamoja. Benki ya mbegu iliyokuwa Aleppo, Syria, ilipozuiliwa na vita, watunzaji wake walikwenda mwaka 2015 kuchukua nakala walizokuwa wameziweka katika ghala la Svalbard, Norway, wakazipanda upya Lebanon na Morocco. Sisi tulilijua hilo kabla yao. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika, na biashara ya karafuu ikabaki na mguu wa kusimamia.

Na karafuu ina shida yake ya pekee. Mbegu yake ikikaushwa hufa, kwa hiyo hapana baridi itakayoihifadhi kama punje ya mpunga. Shokishoki na doriani ni hivyo hivyo. Mimea hiyo hutunzwa ikiwa hai, ardhini, katika shamba lenye mlinzi na daftari.

Kilimo si jambo la Muungano, lakini benki ya mbegu ya taifa iko Arusha na watafiti wetu wako Kizimbani. Kabla bonde halijatiwa mfereji wa umwagiliaji au kugawiwa viwanja, bwana shamba na sheha wapite humo na wazee wanaolijua, waone ni mimea gani ya mwitu iliyomo. Mbegu zikusanywe, fungu moja libaki Kizimbani na jingine lipelekwe Arusha kwa maandishi yanayotaja lilikotoka na nani mwenye haki nalo. Gharama yake ni mifuko ya karatasi, usafiri na posho ya siku chache. Bajeti za wilaya zinapoandaliwa, wajumbe wa halmashauri waulize fungu hilo liko ukurasa wa ngapi.