Radoni katika Nyufa za Usambara na Pwani ya Tanga

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Huzaliwa ndani ya miamba yenye urani, ambayo hugeuka polepole kuwa rediamu, na rediamu kuwa radoni. Maisha yake ni mafupi: kila baada ya siku 3.8 nusu yake huwa imekwisha kugeuka. Ikijipenyeza yenyewe udongoni, haifiki mbali zaidi ya mita chache kabla ya kuisha. Kwa hiyo inapokutwa kwa wingi juu ya ufa, swali la kwanza ni kitu gani kimeibeba.

Mkoa wa Tanga unastahili swali hilo. Milima ya Usambara na Pare ni mapande ya miamba mikongwe yaliyosalia juu wakati ardhi ya pembeni ikididimia kwenye nyufa. Bonde la Lwengera, linalotenganisha Usambara Magharibi na Mashariki, ni pande mojawapo lililoshuka. Anayetoka Mombo kupanda Lushoto huukabili uso kwa uso ukuta wa pande lililosalia juu. Nyufa hizo ni za mfumo wa Pangani, mojawapo ya matawi ya Bonde la Ufa linapotawanyika kaskazini mwa Tanzania. Mengine hupita Natron, Manyara na Eyasi.

Mwamba uliosagika ndani ya ufa una nyuso nyingi za kuachia radoni na nafasi nyingi za kuipitisha. Lakini katikati ya ufa mara nyingi hujaa udongo wa mfinyanzi unaoziba njia, na hapo gesi huchomoza pande mbili, vilele viwili vikikumbatia bonde dogo. Mtafiti asiyelijua hilo ataupita ufa wenyewe akiutafuta.

Kazi ya uwandani ni ya subira. Mstari wa vipimo hukata ufa kwa upana, si kuufuata. Bomba jembamba la chuma hupigwa nyundo hadi karibu mita moja chini, hewa ya udongo ikavutwa kwa pampu na kupitishwa kwenye kifaa kinachohesabu chembe za alfa ambazo radoni huzitoa inapogeuka. Kisha mita chache mbele, kazi ileile. Mvua za masika huziba vinyweleo vya udongo, na mgandamizo wa hewa ukishuka gesi hutoka zaidi. Vipimo vya siku moja, kwa hiyo, havitoshi kuthibitisha lolote.

Radoni ina ndugu pia, thoroni, itokanayo na thoriamu, ambayo nusu yake huisha chini ya dakika moja. Ikionekana, imezaliwa palepale juu. Kilima cha Mrima huko Kwale, ng'ambo ya mpaka, kina thoriamu nyingi, na katika udongo wa namna hiyo kifaa kisichotenganisha gesi hizi mbili hupotosha.

Mbebaji wa kutoka chini kabisa mara nyingi ni kaboni dayoksaidi au maji ya moto. Katika bonde la Natron na Magadi, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kaboni dayoksaidi nyingi ikipanda kando ya nyufa. Tumaini la kutabiri matetemeko kwa radoni lilianzia kwenye tetemeko la Tashkent mwaka 1966 na kupata nguvu kwa lile la Kobe mwaka 1995, ila gesi hupanda na kushuka hata pasipo tetemeko. Katika kuchora ramani ya nyufa ndiko inakotegemewa zaidi.

Kwa afya, hatari iko pale hewa inapokwama. Radoni iliwekwa rasmi kati ya visababishi vya saratani mwaka 1988, na Shirika la Afya Duniani linashauri majumbani isizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo, au 300 pale isipowezekana. Mapango ya Amboni, katika mawe ya chokaa takriban kilomita 8 kaskazini mwa jiji la Tanga, yana chemchemi za maji moto ya salfa jirani. Mgeni hukaa humo muda mfupi, lakini mwongozaji hurudi kila siku, na mapafu yake ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Kipande kidogo cha plastiki kikiachwa pangoni miezi mitatu hubaki na alama za chembe za alfa, zinazohesabiwa kwa hadubini; nacho kinafaa kuwekwa masika na kiangazi, maana hewa ya pango haizunguki sawa mwaka mzima.