Barua pepe za ofisi hulala wapi? Tunafungua folda za seva

Msikilizaji wetu mmoja wa Mjimwema, hapa Manispaa ya Songea, alituletea swali ambalo tulidhani tungelijibu hewani kwa dakika tatu. Hatukuweza, ndiyo maana tunaliandika.

Yeye anaangalia kompyuta za taasisi ndogo inayonunua na kuuza mahindi. Taasisi hiyo ina seva yake yenyewe ya barua pepe, kompyuta moja iliyowekwa pembeni mwa chumba cha kuhifadhia vifaa. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na asubuhi seva haikuwaka. Hakuhamaki, kwa sababu kila Ijumaa jioni alikuwa akisimamisha huduma na kunakili folda tatu kwenye diski ya nje: “db”, “data” na “conf”. Folda ya nne iliyoitwa “store” aliiacha. Ilikuwa kubwa mno kuingia kwenye diski, na jina lake lilimfanya aamini kuwa ni stoo tu, mahali pa kutupia vitu visivyotumika.

Akaifunga programu ileile kwenye kompyuta nyingine, akarudisha nakala zake, akafungua. Orodha ya barua zote ilikuwepo: nani aliandika, tarehe gani, kichwa cha barua, hata maneno machache ya mwanzo. Lakini kila alipobofya barua aisome, alipata ujumbe wa kosa. Miongoni mwa barua hizo kulikuwa na moja ambayo mnunuzi wa mahindi alikubali bei ya gunia, na sasa mnunuzi huyo anasema hakukubali. Swali la msikilizaji wetu lilikuwa hili: nimehifadhi hifadhidata yote, barua zimekwenda wapi?

Barua hazikuwahi kuwa ndani ya hifadhidata. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, hata baadhi ya mafundi.

Kwa aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali, mfano wa karibu ni masijala. Barua ikifika, karani huiandika kwenye daftari: tarehe, mtumaji, inahusu nini, na namba ya jalada. Kisha karatasi yenyewe huingia kwenye jalada, na jalada hurudi kabatini. Daftari linakuambia barua ipo na iko wapi, lakini hakuna anayetarajia kuisoma barua nzima ndani ya daftari. Kabati likiungua, daftari litabaki kueleza vizuri kabisa vitu vilivyoteketea.

Programu anayoitumia msikilizaji wetu ni Zimbra, ambayo inapatikana bure katika toleo lake la wazi na hutumiwa na taasisi nyingi duniani. Kila kitu chake kiko chini ya saraka moja, /opt/zimbra. Ndani ya “db” ndimo lilimo daftari, hifadhidata ya MariaDB. Ukiifungua utakuta folda iitwayo “zimbra”, yenye orodha ya masanduku ya barua na namba ya kila sanduku. Pembeni yake kuna nyingine nyingi zinazoanza na neno “mboxgroup”, kuanzia 1 hadi 100, na humo ndimo zinamoandikwa habari za kila barua. Sanduku namba 14 limo katika kundi la 14. Sanduku namba 114 nalo limo humohumo, maana hesabu ikifika 100 huanza upya. Kugawanya hivi kunazuia jedwali moja kubeba habari za watumiaji wote na kuwa zito kupita kiasi.

Kila barua ina mstari wake: namba yake, folda iliyomo, ukubwa, tarehe, mtumaji, kichwa, alama ya kusomwa au kutosomwa, pamoja na kipande kifupi cha maneno ya mwanzo. Kipande hicho ndicho kilichompa msikilizaji wetu matumaini ya uongo. Kimewekwa pale ili orodha ionekane haraka bila kufungua barua moja moja.

Barua yenyewe, pamoja na viambatisho vyake, ni faili linalojitegemea ndani ya “store”. Mpangilio wake unaonekana wa ajabu mpaka mtu akueleze. Chukua barua namba 5000 ya sanduku namba 14. Utaikuta kwenye store/0/14/msg/1, ikiwa na jina kama 5000-7312.msg. Sifuri ya mwanzo ni fungu la masanduku, 14 ni namba ya sanduku, na ile 1 ni fungu la barua. Programu huhesabu mafungu ya 4,096: namba zilizo chini ya hapo zinaingia fungu 0, zinazofuata zinaingia fungu 1, na kuendelea. Folda moja yenye mafaili laki mbili huielemea kompyuta, kama kabati lisilo na droo linavyomwelemea karani. Namba ya mwisho, 7312 katika mfano wetu, ni hesabu ya mabadiliko ya sanduku, inayoonyesha faili hilo liliandikwa katika hatua ipi.

Kuna jambo hapa lililotufurahisha tulipolielewa. Meneja akituma barua yenye kiambatisho cha megabaiti 5 kwa watumishi 40 wa seva hiyohiyo, Zimbra haiandiki nakala 40. Huandika faili moja tu, kisha hulipa majina 40 katika masanduku tofauti, yote yakielekea kwenye data ileile. Diski inatumia megabaiti 5 badala ya 200. Lakini ukinakili folda hiyo kizembe kwenye diski ya nje, kila jina linageuka faili kamili na zile 200 zinarudi. Diski nyingi za nje zinazouzwa madukani huja na mpangilio wa exFAT, ambao hauwezi kabisa kuweka majina mengi kwa faili moja, wala kukumbuka faili ni mali ya mtumiaji yupi wa Linux. Huenda hii ndiyo sababu “store” ya msikilizaji wetu ilionekana haitoshi. Dawa ni kufunga folda zote katika kifurushi kimoja cha tar kwanza, kisha kukipeleka kifurushi kwenye diski. Tar hutunza majina hayo pamoja na umiliki. Anayenakili moja kwa moja kwenda kompyuta nyingine ya Linux anaweza kutumia rsync, mradi aiongezee alama ya -H.

Folda ya “data” ndimo yalimo majina ya watumiaji, nywila zao zilizofumbwa na mipangilio ya akaunti, katika hifadhi iitwayo LDAP. Hii tuiseme kwa sauti, maana imewaliza wengi. Kila akaunti ina utambulisho wake mrefu wa herufi na tarakimu, na daftari linamtambua mwenye sanduku kwa utambulisho huo, siyo kwa jina. Ukiipoteza LDAP kisha ukaunda upya akaunti ya mhasibu kwa jina lilelile na nywila ileile, mhasibu ataingia na kukuta sanduku tupu. Barua zake zipo, lakini kwa macho ya seva huyu ni mtu mgeni. Msikilizaji wetu aliihifadhi LDAP, akahifadhi pia “conf”, yenye nywila ambazo sehemu za seva hutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana orodha yake ilitokea kwa usahihi. Kwa kweli alikuwa amefanya vizuri kuliko wengi.

Folda ya “index” ni fahirisi ya kutafutia maneno. Ikipotea, hutaweza kutafuta neno “gunia” na kupata barua zote zinazolitaja, lakini inaweza kujengwa upya kutokana na barua zenyewe. Sanduku kubwa litachukua muda, basi. Kama diski yako ni ndogo na lazima uache kitu, acha hiki.

Ibaki “redolog”, na hii inahusu umeme moja kwa moja. Tangu 2018, Songea ilipounganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, hatuishi tena kwa majenereta ya dizeli kama zamani. Hata hivyo umeme bado hukatika, na seva haipewi muda wa kuaga. Zimbra hulijua hilo. Kabla ya kubadili chochote kwenye sanduku, huandika kwanza kwenye redolog jambo inalotaka kufanya, ndipo hulifanya. Ikizimika katikati, ikiwaka tena husoma yaliyoandikwa na kukamilisha yaliyobaki. MariaDB nayo ina utaratibu wake wa aina hiyo, kwenye mafaili yanayoanza na “ib_logfile”, yanayokwenda pamoja na faili kubwa la “ibdata1”. Mafaili hayo yanategemeana. Ukiyanakili wakati seva inafanya kazi, unaweza kupata moja la saa nne na jingine la saa nne na dakika tano, na hifadhidata ikakataa kuwaka. Kwa hiyo anayenakili folda kwa mkono asimamishe huduma kwanza.

Si kila seva imepangwa hivi. Kampuni nyingi zinazopangisha nafasi kwa wenye anwani za .co.tz na .or.tz hutumia mfumo wa Maildir, uliobuniwa na Daniel J. Bernstein, mwandishi wa programu ya qmail, katika miaka ya 1990. Humo hakuna daftari kubwa. Kila sanduku lina folda tatu: “tmp”, “new” na “cur”. Barua huandikwa kwanza ndani ya “tmp”, ikikamilika huhamishiwa “new”, na programu ya msomaji ikishaiona huingia “cur”. Alama za kusomwa au kujibiwa huandikwa kwenye jina la faili lenyewe: S imesomwa, R imejibiwa. Ukinakili folda hizo umenakili barua pamoja na hali yake. Microsoft Exchange imekwenda upande mwingine kabisa. Barua za watumiaji wengi hukaa ndani ya faili moja kubwa lenye mkia wa .edb, likifuatana na mafaili madogo ya kumbukumbu ya megabaiti 1 kila moja. Huko huwezi kuchomoa barua moja kwa mkono. Sisi, kwa ofisi ndogo isiyo na fundi wa kudumu, tungechagua mfumo ambao barua ni faili linaloonekana, na kisa cha Mjimwema ndicho kilichotushawishi.

Kwani kilichoungua kwenye ile seva kilikuwa kifaa cha kuingizia umeme tu. Fundi wa mjini aliichomoa diski ya ndani, akaiunganisha na kompyuta nyingine, na “store” ikaonekana ikiwa nzima. Hapo lile daftari lililokuwa limehifadhiwa kila Ijumaa likapata kazi: lilitaja namba ya sanduku na namba ya barua ya bei, nao wakaenda moja kwa moja kwenye faili. Faili la .msg ni maandishi ya kawaida, labda msimamizi awe ameamuru mafaili yabanwe. Walibadili mkia wa nakala yake kuwa .eml, wakaifungua kwa Thunderbird, na barua ikasomeka pamoja na kiambatisho.

Umuhimu wa kuipata nzima ni wa kisheria pia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa mahakamani kama ushahidi, lakini uzito wake hupimwa kwa kuangalia jinsi ulivyoandaliwa, ulivyotunzwa na ulivyotumwa, na kama unaaminika kutochezewa. Picha ya orodha yenye kichwa cha barua haiwezi kulingana na faili lenye maelezo yote ya safari yake, seva kwa seva, saa kwa saa.

Urahisi huohuo una upande wa pili. Kama fundi aliweza kusoma barua bila nywila ya mtu yeyote, basi yeyote atakayeiokota diski ya nakala ataweza pia. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoanza kutumika, na barua za ofisi zimejaa taarifa hizo: mishahara, namba za simu, vyeti vya hospitali vya watumishi. Diski ya nakala inapaswa kufumbwa kwa nywila na kufungiwa kabatini. Ya msikilizaji wetu ilikuwa ikilala kwenye mfuko wa laptopu.

Sasa hivi kila Ijumaa anasimamisha huduma baada ya saa za kazi, anafunga /opt/zimbra yote isipokuwa “index”, na anaiwasha tena kabla ya kwenda nyumbani. Mara moja kwa mwezi anairudisha nakala kwenye kompyuta kuukuu ambayo haijaunganishwa na mtandao, anachagua barua tatu za masanduku tofauti, na anazifungua mpaka kiambatisho cha mwisho.