Hakuna Programu ya Kuongeza Nguvu

"Yaya, nipe ile programu ya kuongeza nguvu." Swali hili linanifikia kutoka Mulongwe, Kalundu na Kavimvira hapa Uvira, na hata Gatumba ng'ambo ya mpaka wa Burundi, karibu kila mara kwa maneno yaleyale. Anayeuliza ana laptopu moja ya mtumba. Anacheza PES au GTA V na anataka rafiki zake wa Bukavu na Bujumbura wamwone laivu kwenye Facebook, YouTube au TikTok. Akicheza bila kurusha, mambo safi. Akianza kurusha, picha inakatakata, sauti inachelewa, watazamaji wanaondoka mmoja mmoja.

Programu hiyo haipo. Zilizopo kwa jina hilo zinaharibu zaidi, na zinaharibu hasa pale ambapo kompyuta ni moja na kazi ni mbili. Nimelijibu swali hili uso kwa uso mara nyingi mno. Sasa nalijibu kwa maandishi, ili anayekuja kuniuliza aje na swali jingine.

Programu hizi zina majina mengi na ahadi nne zisizobadilika: kusafisha RAM, kuupa mchezo kipaumbele, kuharakisha intaneti na "kufungua" prosesa.

Tuanze na RAM, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Mtu anafungua Task Manager, anaona RAM imejaa asilimia 80, anaogopa. Asilimia hiyo ni ya programu zilizo kazini, na peke yake si ugonjwa. Sehemu inayobaki Windows inaitumia kwa makusudi kuweka akiba ya vitu ulivyotumia karibuni, ili isilazimike kuvisoma upya kutoka kwenye diski. Mchezo ukihitaji nafasi, sehemu hiyo ya akiba inaachiwa papo hapo, bila kuombwa na mtu. Programu ya kusafisha inafanya jambo tofauti kabisa: inazilazimisha programu zote zilizo kazini, mchezo na OBS (programu ya kurushia laivu) zikiwemo, ziachie kumbukumbu ambayo zilikuwa zinaitumia dakika hiyohiyo. Mchoro unashuka, mwenye laptopu anafurahi. Kisha mchezo unavihitaji vitu vilevile na kuanza kuvitafuta upya. Ukivikosa kwenye RAM, unavifuata kwenye diski, ambayo ni polepole kuliko RAM kwa kiwango kisicholinganishika.

Kijana mmoja aliniletea laptopu yake akiwa na uhakika kwamba imechoka. RAM ilikuwa GB 8, diski ni ile ya zamani ya kuzunguka. Tulifungua mchezo, OBS na Task Manager kwa pamoja, nikamwambia abonyeze mwenyewe kitufe cha kusafisha. Mstari wa RAM uliporomoka kutoka karibu na juu hadi katikati. Papo hapo mstari wa diski ukapanda hadi asilimia 100 na kung'ang'ania hapo. Mshambuliaji aliyekuwa anakimbia na mpira akaganda, mguu ukiwa hewani, na kwenye OBS hesabu ya fremu zilizopotea ikaanza kupanda. Alibonyeza tena, ikawa vilevile. Tulipoingia kwenye mipangilio ya programu hiyo, tuliikuta imewekwa ijisafishe yenyewe kila baada ya dakika chache. Ndiyo maana alikuwa akilalamika kwamba mchezo unakwama "kwa saa yake". Tuliiondoa, kukwama kwa saa kukaisha. Hakununua kitu.

Ahadi ya pili ni kipaumbele, na hapa kosa linageuka kuwa hatari. Programu inaiagiza Windows iutangulize mchezo mbele ya kila kitu. Kwa mtu anayecheza peke yake, faida ni ndogo lakini hasara pia ni ndogo. Kwa anayerusha laivu, "kila kitu" ni pamoja na OBS. Kila unachouongezea mchezo umekitoa kwenye matangazo yako. Wewe unaona mchezo unateleza kama siagi, mtazamaji wa Bukavu anaona picha zilizoganda, halafu mnabishana kwenye simu kila mmoja akisema ukweli wake. Kompyuta moja ikibeba kazi mbili, dawa ni kuupunguza mchezo ili OBS ipate pa kupumulia. Ukilielewa sharti hili moja, zaidi ya nusu ya kazi imeisha.

Ahadi ya tatu ni intaneti. Nyingi ya programu hizi zinabadilisha DNS na kugusa rejista ya Windows. DNS kazi yake ni kutafuta anwani ya seva kwa kutumia jina lake. Ukishaunganishwa na seva ya YouTube au Facebook, kazi hiyo imekwisha, na video yako inapita njia nyingine ambayo DNS haina habari nayo. Mnara uliolemewa saa mbili usiku hauwezi kupanuliwa na namba zilizobadilishwa ndani ya laptopu yako.

Ya nne, "kufungua" prosesa, isikupotezee muda. Windows inaziamsha kor za prosesa yenyewe kazi inapozidi.

Kuna jambo baya zaidi ya hizo ahadi nne. Programu hizi zinazunguka kwenye flashi kutoka duka hadi duka, mara nyingi zikiwa zimevunjwa leseni, na maelekezo yake yanaanza na "zima antivairasi kwanza". Ukilitii agizo hilo umemfungulia mlango mtu usiyemjua. Baadhi ya faili za namna hiyo zinachimba sarafu za kidijitali kwa siri kwa kutumia kadi ileile ya picha unayolalamika kuwa haitoshi. Nyingine zinaiba nywila za kurasa ulizozijenga kwa miaka. Ziondoe leo.

Kinachoua laivu ni kimoja kati ya vitu vitatu, na OBS inavihesabu vyote mbele ya macho yako. OBS ni ya bure, ipo tangu 2012, na dirisha la takwimu limo ndani yake. Ingia menyu ya Docks, chagua Stats, liache dirisha wazi, rusha laivu ya majaribio ya dakika kumi, kisha tazama ni hesabu gani inapanda.

Hesabu ya kwanza ni ya fremu zilizokosekana kwa sababu kadi ya picha imechelewa kuchora. OBS inahitaji kadi ileile ya mchezo ili iunganishe picha ya mchezo, kamera na maandishi yako kabla ya kutuma chochote. Mchezo usiowekewa kikomo unaila kadi yote hadi asilimia 99, na OBS inabaki mlangoni. Fikiria laptopu yenye skrini ya hertz 60 ambayo mchezo wake unatoa fremu 90 kwa sekunde. Theluthi ya jasho la kadi hiyo haionekani hata kwenye skrini yako mwenyewe, na ndiyo hasa OBS iliyokuwa inaisubiri.

Hesabu ya pili ni ya fremu zilizorukwa kwa sababu enkoda, yaani sehemu inayoibana video ili iweze kusafiri, imezidiwa. Hii huwapata zaidi wanaobana kwa prosesa kupitia x264 huku prosesa hiyohiyo ikiendesha mchezo. Laptopu zetu zina adui mwingine hapa: joto. Ufukwe huu wa Tanganyika ni wa joto na vumbi, na laptopu ya mtumba iliyosafiri hadi hapa mara nyingi haijafunguliwa wala kusafishwa tangu itoke kiwandani. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Laivu inayoanza vizuri na kuharibika baada ya dakika 20 nina mashaka na feni ya laptopu kabla ya kitu kingine chochote.

Hesabu ya tatu ni ya fremu zilizodondoka njiani, kwenye mtandao. Kati ya laptopu ninazoletewa hapa Uvira, hii ndiyo inayopanda mara nyingi zaidi, na ndiyo ambayo mwenye laptopu haamini. Ananiambia, "Mbona YouTube natazama vizuri?" Kutazama ni kushusha, kurusha ni kupandisha, na kwenye mtandao wa simu njia ya kupandisha kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kushusha. Isitoshe, video unayotazama inajiwekea akiba ya sekunde kadhaa mbele, hivyo mtandao ukiyumba kidogo huoni. Laivu yako haina akiba ya kutosha kuficha mtandao uliokatika.

Hata hivyo, wanaosubiri Starlink, intaneti ya setilaiti, iwatatulie kila kitu watasikitika. ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano wa Kongo, iliipiga marufuku Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025, na mwenye uwezo wa kuilipia atapata nafuu ya kweli kwenye hesabu ya tatu. Zile mbili za kwanza haizigusi. Mchezo unaomeza kadi nzima utaendelea kuigandisha OBS hata ukiwa na mtandao mzuri kuliko wote mjini.

Sasa la kufanya, kwa haraka.

Hesabu ya kwanza ikipanda: wekea mchezo kikomo cha fremu 60, au 30 kama kadi ni dhaifu, ukitumia mipangilio ya mchezo wenyewe au ya kadi. Shusha vivuli na ukubwa wa picha hadi kadi ibaki na asilimia 10 au 15 huru. Ifungue OBS kama msimamizi wa kompyuta. Kwenye Windows hatua hiyo ndiyo inayoiruhusu itengewe sehemu yake ya kadi. Ondoa mapambo yanayochezacheza kwenye skrini.

Hesabu ya pili ikipanda: acha x264, tumia enkoda iliyomo kwenye kadi. Nvidia ina NVENC, AMD ina yake, na prosesa nyingi za Intel zenye kadi ya ndani zina Quick Sync tangu 2011, kwa hiyo laptopu nyingi za mtumba tayari zinayo. Kuwa mwangalifu unaponunua: GT 1030 na kadi za laptopu za jamii ya MX150 ni za Nvidia lakini hazina NVENC. Kama huna njia nyingine, weka x264 kwenye mpangilio wa superfast na ubaki kwenye 720p, fremu 30. Ipeleke laptopu kwa fundi aisafishe feni na kubadilisha pesti ya joto, iinue kutoka mezani, na usicheze ikiwa juu ya godoro.

Hesabu ya tatu ikipanda: pima kasi ya kupandisha saa ileile unayokusudia kurusha, si alfajiri. Chukua theluthi mbili ya kipimo cha chini ulichokipata, hiyo ndiyo bitireti yako, yaani kiasi cha data unachotuma kwa sekunde. Weka CBR (bitireti isiyobadilika), fremu-funguo (keyframe) kila sekunde 2, sauti kilobiti 128. Kwenye mipangilio ya juu ya OBS, washa ile inayoruhusu bitireti ishuke yenyewe mtandao unapobanwa. Unganisha simu kwa waya wa USB badala ya hotspoti, uiweke dirishani, usimamishe apdeti za Windows. Ukikaa karibu na mpaka, chagua mtandao wako kwa mkono, simu isije ikarukia mnara wa Burundi katikati ya mechi.

Piga hesabu ya mega kabla ya kuanza. Kilobiti 1,500 kwa sekunde pamoja na sauti ni karibu GB 0.73 kwa saa, 2,500 ni GB 1.2, na 6,000 wanazozisifu wa Ulaya ni karibu GB 2.8. Laivu za 480p zinazofika ni bora kuliko za 1080p zinazokwama.

Ukiwa na fedha za kununua kitu kimoja, nunua SSD kama bado una diski ya kuzunguka. Kama tayari unayo, na RAM yako ni kipande kimoja, ongeza cha pili kinacholingana nacho. Laptopu isiyo na kadi yake ya picha inaazima RAM kuchorea, na vipande viwili vinaipa njia mbili za kupitia. Nyongeza hiyo ni ya chuma, inashikika, tofauti na ile ya kwenye flashi.

Umeme: laptopu ichomekwe wakati wote wa mchezo, kwa kuwa kwenye betri inajipunguzia nguvu. Kompyuta ya mezani iwe na UPS. Umeme wetu wa Ruzizi unagawanywa na majirani na unakatika bila kubisha hodi, kwa hiyo ukirekodi, rekodi kwa MKV. Faili ya MP4 ya kawaida ikikatwa katikati mara nyingi haifunguki tena, ya MKV inabaki na kila kilichokwisha kuandikwa.

Na kama kipimo cha kupandisha hakifiki hata megabiti moja, usirushe laivu. Rekodi mechi nzima, ipandishe usiku wa manane mnara ukiwa mtupu, uitoe asubuhi. Hakuna aibu katika hilo.

Mwisho, jaribu sauti kabla ya picha. Mtazamaji atavumilia mpira wenye ukungu akisikia Kiswahili chako vizuri na kucheka nawe. Sauti ikikatika, anaondoka hata kama picha ni safi. Kwa hiyo mega zikipungua, kata picha kwanza, na sauti uiguse mwisho kabisa.