Je, Wajua? Aliyekukatia Bima Siye Atakayekulipa

Dereva wa bodaboda akishuka kutoka Kinyala kwenda Tukuyu mjini kukata bima, shughuli yote huisha kwa dakika chache. Anataja namba ya pikipiki, anatoa hela, anapata stika ya kielektroniki ambayo trafiki anaweza kuihakiki kwa simu. Machoni pake bima ni mtu mmoja mwenye meza. Je, wajua kwamba mtu huyo mara nyingi wala si mwajiriwa wa kampuni?

Ni wakala. Hutumwa na kampuni na kulipwa kamisheni kwa kila bima anayouza. Dalali wa bima ni mwingine kabisa: yeye humwakilisha mteja, akimtafutia kampuni inayomfaa na kusimama upande wake mambo yakiharibika. Kwangu hili ndilo la kwanza ambalo mteja angepaswa kuambiwa kabla hajatoa senti, maana siku ya ajali ndipo utataka kujua uliyekuwa ukizungumza naye alikuwa wa nani.

Ndani ya kampuni kuna idara ya uandikishaji. Watumishi wake ndio wanaoamua nani apokewe na kwa bei gani. Lori linalopanda na kushuka barabara ya Uyole hadi Kasumulu, kwenye ukungu na mvua za Rungwe, halitozwi sawa na gari dogo la mwalimu, na duka la mbao halipimwi kama la matofali ya kuchoma.

Nyuma yao yupo mtakwimu bima, ambaye huenda asionane na mteja hata mmoja mwaka mzima. Akipewa rekodi za maelfu ya magari, anaweza kukadiria ni mangapi yatapata ajali mwakani bila kujua ni yapi. Lakini kazi yake inayonishangaza zaidi ni hii: hukokotoa fedha za kulipia ajali ambazo zimekwisha kutokea ila hakuna aliyezitolea taarifa. Pikipiki imeanguka jana Kiwira, mwenyewe bado yuko wodini, simu haijapigwa. Na tayari kampuni inapaswa kuwa imetenga akiba kwa ajili ya watu kama yeye.

Je, wajua kwamba sehemu ya bima inayokatwa Tanzania huishia Lagos? Kampuni nazo hukata bima. Inaitwa bima mtawanyo, na ipo idara inayoishughulikia, kwa kuwa moto mmoja wa soko ungeweza kufilisi kampuni iliyobeba hasara yote peke yake. Sehemu moja ya mzigo huenda Tan-Re, kampuni ya bima mtawanyo iliyoko Dar es Salaam. Nyingine huenda Africa Re, shirika lililoundwa mwaka 1976 na nchi za Kiafrika, makao yake makuu yakiwa Lagos, Nigeria. Kampuni za nchi wanachama hulipelekea asilimia 5 ya mikataba yao ya bima mtawanyo.

Zamani kazi hizi zote kwa Tanzania Bara zilikuwa chini ya paa moja. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa 1963, likataifishwa 1967 baada ya Azimio la Arusha, na likabaki peke yake hadi sheria ya 1996 ilipofungua soko. Sasa msimamizi wa soko hilo ni TIRA, na sheria ya 2009 inataka angalau theluthi moja ya umiliki wa kampuni ya bima iwe mikononi mwa Watanzania.

Tukirudi ndani ya kampuni, idara ya madai ndiyo inayolipa, na imetenganishwa na wauzaji kwa makusudi. Waliowahi kucheza VICOBA hawahitaji maelezo marefu: sanduku la akiba la kikundi lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu. Kwenye bima nako mmoja huuza, mwingine hukubali, wa tatu hulipa. Hasara ikiwa kubwa anaitwa mtathmini hasara, mwenye leseni yake, aende akaone mwenyewe. Ndiyo maana yule wakala wa mjini atakuambia usubiri kampuni. Hakufukuzi, ufunguo huo hana.

Ila kusubiri kuna mwisho. Nyaraka zikikamilika, kampuni ina siku 45 za kulipa. Zikipita kimya, TIRA ina ofisi ya kanda Mbeya mjini, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na sheria hiyo hiyo ya 2009. Huko kote utaulizwa swali moja kwanza: madai yalipokelewa lini? Basi barua iende kwa kampuni yenyewe, na nakala yenye tarehe na muhuri wa mapokezi ibaki nyumbani.