Istilahi za Maadili: Tusihukumu kwa Jina

Wanafalsafa wamegawanyika juu ya asili ya maadili. Immanuel Kant, mwaka 1785, alishikilia kuwa sheria ya maadili hutokana na akili na humfunga kila mwenye akili, apende asipende. J. L. Mackie, mwaka 1977, alikana kuwa yako maadili yaliyo nje ya binadamu. Kwake, mema na mabaya ni mambo tuliyoyabuni wenyewe.

Je, rai hizi tuziiteje kwa Kiswahili? Mfasiri akiandika "maadili ya haki" na "maadili ya upendeleo", amekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza shauri. Neno "yakini" nalo lina kasoro iyo hiyo. Twapendekeza "maadili yasiyotegemea nafsi" na "maadili ya nafsi", nafsi ikiwa na maana ya hisia na matakwa ya watu.

Tuchukue mfano. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 sheria ikaacha kuitambua hali ya utumwa. Je, kumuuza mtu kulikuwa uovu hata siku zile sheria na desturi zilipokuruhusu? Mwenye rai ya kwanza atajibu: naam, hata kama wote wangaliridhia. Mwenye rai ya pili aweza kuulaani utumwa kwa nguvu zile zile, ila atasema laana hiyo chimbuko lake ni sisi wenyewe.

Basi wawili hawa hawahitilafiani juu ya hukumu, bali juu ya chimbuko lake. Istilahi njema huwaachia wote nafasi ya kusema.