Mpira wa malakiti: namna ya kuusugua kwa mashini ya kujitengenezea, na matope yake yaende wapi



Mahindi yakiisha kuvunwa na mvua ikiwa mbali bado, vijana wengi wa vijiji vya kando ya Lubumbashi wanakwenda kutafuta makuta kwenye mawe. Wengine wanauza malakiti mbichi kwa kilo, na hapo njo faida inapopotelea. Jiwe lile lile likifika kwa fundi wa mjini linageuka yai, mpira, mkufu, kisahani cha jivu au farasi wa sataranji, na msafiri analilipia bei nyingine kabisa. Katika toleo hili tunaeleza namna ya kutengeneza mpira kwa mashini isiyonunuliwa dukani. Tunaomba msome mpaka sehemu ya matope, juu ya hiyo sehemu inagusa mashamba yetu.

Malakiti ni jiwe la mukuba. Wazee waliliyeyusha katika tanuru la udongo wa kichuguu, wakatoa ile misalaba ya mukuba ambayo Katanga iliweka kwenye bendera yake mwaka 1960. Si jiwe gumu: kwenye kipimo cha ugumu cha 1 mpaka 10 linapata 3.5 mpaka 4, na ncha ya kisu inalikwaruza. Ndiyo sababu mtu wa kijiji anaweza kulifanyia kazi bila mashini ya bei kali. Lakini lina maadui wawili. Joto linaligeuza jeusi, na asidi inalila, hata ndimu na siki ya jikoni. Basi linakatwa na kusuguliwa na maji tu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya kuwasha mota, fanyeni hesabu. Mpira wa sentimita 7 unatoka katika kipande cha mraba cha sentimita 7 kila upande. Kipande hicho kina uzito wa karibu kilo 1.3; mpira ukiisha utabaki na gramu 700 hivi. Karibu nusu ya jiwe mlilonunua imekwenda! Anayepanga bei kwa uzito wa mpira peke yake anakula hasara bila kujua. Vipande vya pembeni msivitupe, vinafaa kwa shanga na hereni.

Kwanza kata mraba kwa msumeno wa duara wenye maji. Halafu kata kingo zote 12, kisha pembe zote 8. Jiwe sasa lina nyuso 26 na linaanza kufanana na mpira. Mwenye haraka anayeruka hatua hii atalipa baadaye kwa siku nzima ya kusugua.

Mashini yenyewe ni kipande cha tiyo ya chuma kilichofungwa kwenye ncha ya mhimili, mdomo ukiangalia mbele. Upana wa tiyo uwe kama robo tatu ya upana wa mpira: kwa mpira wa sentimita 6, tiyo ya sentimita 4 au 4 na nusu. Watu wengi hawaamini kwamba tiyo iliyo bapa mdomoni inaweza kutoa mpira wa kweli. Inaweza, juu ya mdomo wake ni duara. Ukiligeuza jiwe bila kupumzika, kila mahali palipoinuka panaguswa kwanza na kuliwa kwanza, na umbo pekee linalokaa sawa kwenye duara lile kila upande ni mpira. Siri yote iko katika kugeuza. Mkono ukisinzia, mdomo wa tiyo utachimba mfereji.

Mota ya mashini nzee ya kufulia au ya pampu inatosha, lakini someni kibati chake. Ikiwa inazunguka mara 1400 kwa dakika, hiyo ni mbio sana. Weka puli ya sentimita 5 kwenye mota na ya sentimita 30 kwenye mhimili, katikati mkanda. Mhimili utazunguka kama mara 230, na huo ni mwendo mzuri. Mhimili ukae juu ya rulma mbili. Mwendo huu hata miguu ya baiskeli inaweza kuutoa, na kwa kura ya SNEL tunavyoijua, si wazo la kuchekwa. Mota ikae juu kuliko maji, nyuma ya ubao, na waya wa ardhi usikosekane. Kura ikikatika, zima swichi mara moja, isirudi wakati mkono uko kwenye jiwe.

Unga wa kusugulia unaanza na namba 120, kisha 220, 400, 600, na 1200. Kila namba iwe na beseni lake na tiyo yake. Punje moja tu ya 120 ikiingia katika 600, itachora mistari na mtarudi nyuma. Mwisho ni ngozi yenye maji kidogo na oksidi ya kromu, ule unga wa kijani, ukibonyeza polepole jiwe lisipate moto.

Sasa vumbi. Vumbi la malakiti ni sumu kwa mapafu, na malakiti ya kwetu mara nyingi iko pamoja na kobalti. Mwaka 2009 watafiti wa Université de Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno kwenye mkojo, watoto wakiwemo. Kwa hiyo kamwe msisugue jiwe kavu, kitambaa puani hakitoshi, na nguo za kazi zisiingie nyumbani. Watoto wasikae pale. Jiwe lenye unga wa njano kali au wa machungwa msiliguse: linaweza kuwa na uranium, sawa yale ya Shinkolobwe.

Na matope? Mnajua vilima vya mukuba, pale miti inakataa kuota. Tope la beseni lenu likimwagwa kwenye bustani linaanza kutengeneza kilima kama hicho kidogo kidogo. Likifika kwenye kijito kinachoshuka Kafubu au kwenye bwawa la samaki, samaki wanakufa. Kondoo ndiye anayeumizwa na mukuba kuliko mifugo mingine, basi asinywe maji yale. Acheni tope litulie usiku mmoja, maji ya juu yarudishwe kwenye mashini, na tope likaushwe kivulini na kufungwa katika gunia likiwa bado na unyevu kidogo.

Kuhusu sheria: kodi ya madini ya 2018 inawaachia uchimbaji wa mikono wenye karata walio ndani ya koperative ya madini. Koperative ya kilimo haichimbi. Nunueni jiwe kwa mwenye karata na mwombe karatasi ya ununuzi, juu ya mteja anayetaka kupeleka mpira wake nje atahitaji cheti cha CEEC, na swali la kwanza litakuwa jiwe lilitoka wapi.